Simboli za Kerneli: Zifungwe au Zibaki Wazi?

Hoja iliyo mezani ni hii: kerneli ya mfumo endeshi ifunge kila simboli isiyotumiwa na moduli inayojulikana. Ni hoja ya mafundi, lakini matokeo yake yanamfikia kila mwenye simu ya Android, kila anayetunza seva, na kila anayechomeka kifaa kwenye kompyuta ya Linux akitarajia kifanye kazi.

Sauti nne zitazungumza. Mtunzaji ni miongoni mwa wanaotunza msimbo wa kerneli, naye anaitetea hoja. Mtungadraiva anaandika draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, na moduli nyingine zinazoishi nje ya kerneli rasmi, naye anaipinga. Msimamizi anaendesha seva za watu wengine na hulala pale tu zinapokuwa salama. Muundaji hupakia kerneli ndani ya simu zinazouzwa madukani. Nimewapa vyeo badala ya majina kwa kuwa sauti zao ni za mjadala. Matukio na miaka wanayoitaja ni ya kweli. Kiti cha mwenyekiti nimekikalia mwenyewe, na mwishoni nitatoa uamuzi.

MWENYEKITI: Tuelewane kwanza. Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za prosesa na inayozungumza na vifaa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huruhusu sehemu zake kupakiwa kama moduli, yaani faili zinazoingizwa wakati kerneli tayari inafanya kazi. Moduli haiwezi kuita fankisheni yoyote ya ndani ipendavyo. Inaita zile tu ambazo mwandishi wake ameziwekea tamko la EXPORT_SYMBOL. Jina lililotamkwa hivyo ndilo simboli iliyo wazi. Kufikia mwaka 2019 simboli hizo zilikuwa zimepita 30,000. Bwana Mtunzaji, fungua mjadala.

MTUNZAJI: Ahsante, ndugu mwenyekiti. Ahadi ni deni, na kila simboli iliyo wazi ni ahadi. Ninapoiacha fankisheni yangu wazi, namwambia mtu nisiyemjua ajenge kazi yake juu yake. Kesho nikiona ina kasoro, au kwamba lazima ipokee taarifa za aina nyingine, mkono utasita, maana sijui nitamvunjia nani. Na kerneli haikuwahi kutoa ahadi hiyo. Kanuni ya Linux inafahamika: programu za mtumiaji hazivunjwi, lakini ndani ya kerneli kila kitu kinaweza kubadilika. Greg Kroah-Hartman ameliandika hilo katika waraka unaosafiri pamoja na msimbo wa kerneli wenyewe, na mfano wake ni USB, sehemu iliyofumuliwa na kusukwa upya si chini ya mara tatu. Kila mara, draiva zilizokuwa ndani zilirekebishwa na yule yule aliyefanya mabadiliko. Zilizokuwa nje ziliachwa na wenyewe.

Jambo la pili ni usalama. Kuna jedwali liitwalo sys_call_table, lenye anwani za miito yote ambayo programu huitumia kuiomba kerneli huduma: kufungua faili, kusoma, kuandika. Zamani jedwali hilo lilikuwa wazi. Moduli ingeweza kubadilisha anwani moja tu, na tangu hapo kila anayefungua faili angepitia kwake kwanza bila kujua. Wadukuzi walilipenda. Mwaka 2002, katika matoleo ya majaribio ya 2.5, likafungwa. OpenAFS, mfumo wa faili uliokuwa ukilitegemea kwa nia njema, uliumia. Lakini ni nani leo atakayesimama hapa apendekeze lifunguliwe tena?

La tatu ni ukubwa wa kerneli. Mwaka 2016, katika toleo la 4.7, Nicolas Pitre alileta chaguo liitwalo TRIM_UNUSED_KSYMS. Kerneli inapojengwa, kila moduli iliyojengwa pamoja nayo hukaguliwa, na majina yote inayoyahitaji kutoka nje hukusanywa kwenye orodha. Tamko la EXPORT_SYMBOL la jina lisilo kwenye orodha huwa kana kwamba halikuandikwa. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Fankisheni iliyo wazi haiwezi kufutwa na kompaila hata kama ndani ya kerneli hakuna anayeiita, kwa sababu huenda moduli ya kesho ikaihitaji. Ikishafungwa, inaweza kuondolewa kabisa. Kwenye kifaa kidogo chenye kumbukumbu finyu, hiyo ni nafasi inayopatikana bila kumnyima mtu chochote.

MWENYEKITI: Bwana Mtungadraiva, umesikia. Kumbukumbu, usalama, na uhuru wa kurekebisha. Unajibu nini?

MTUNGADRAIVA: Ndugu mwenyekiti, mwenzangu amesema "bila kumnyima mtu chochote". Hapo ndipo tunapotofautiana. Orodha yake hutengenezwa kwa kuzikagua moduli zilizo mezani pake. Moduli yangu haimo, kwa hiyo katika hesabu yake mimi si mtu. Simboli "isiyotumiwa" ni simboli isiyotumiwa na wale aliowaona.

Nitatoa mfano unaojulikana. ZFS ni mfumo wa faili uliozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems, na ni wa programu huria, ila leseni yake, CDDL, hairuhusu usambazwe ndani ya kerneli yenye leseni ya GPL bila mabishano ya kisheria. Kwa hiyo unaishi nje, kama moduli. ZFS hukagua kila kipande cha data kisije kikaharibika diskini, na hesabu hizo huziharakisha kwa rejista maalumu za prosesa, zile zinazopiga hesabu nyingi kwa mkupuo mmoja. Ili moduli izitumie rejista hizo bila kuharibu kazi ya programu nyingine, lazima iiombe kerneli izihifadhi kwanza. Fankisheni ya kuomba hivyo ilikuwa wazi kwa miaka. Mwaka 2019, katika toleo la 5.0, ikafungwa kwa kuwa hakuna moduli ya ndani iliyokuwa ikiiita. Fankisheni iliyobaki ya kazi hiyo ilikuwa ya moduli za GPL pekee. ZFS ikalazimika kurudi kwenye hesabu za polepole, hadi watunzi wake walipojitungia njia yao ya kuzihifadhi rejista, baadaye mwaka huo huo.

Nauliza: usalama gani ulipatikana pale? Fankisheni ile haikuwa jedwali la wadukuzi. Ilikuwa huduma ya kiufundi, tena ya kumlinda kila mmoja asiharibiwe hesabu zake. Ilipofungwa, haja haikwisha. Waliohitaji walijiandikia wenyewe, nje ya macho ya wale wanaojua sehemu hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Kama lengo ni usalama, hapo tumepoteza.

MTUNZAJI: Nakubali kwamba ZFS waliumia, na sisemi kwamba kazi yao ni duni. Lakini tazama deni lingeishia wapi. Msimbo wa kuhifadhi rejista za prosesa ulikuwa ukiandikwa upya wakati huo, na walioushika walihitaji uhuru wa kuubadilisha. Kama kila fankisheni inayomfaa mtu fulani nje itabaki wazi milele, basi kerneli itaandikwa na watu wasioshiriki kuiandika. Mlango wa kuingia upo: lete draiva yako ndani. Ikiwa ndani, mtu akibadilisha fankisheni unayoitumia, kazi ya kukurekebishia ni yake.

MTUNGADRAIVA: Mlango huo si wa wote. ZFS hawawezi kuupita kwa sababu ya leseni ambayo hawakuiandika wao. Wapo wenye kifaa cha maabara kilichotengenezwa vipande vichache, ambacho hakuna mtunzaji atakayetaka kukibeba. Wapo wenye kipokezi cha Wi-Fi cha bei nafuu ambacho draiva yake iliandikwa ovyo na mtengenezaji, na aliyeichukua kuifufua anafanya hivyo usiku, baada ya kazi inayomlisha. Kumwambia mtu huyo alete msimbo ndani ni kumwambia aandike upya kitu ambacho hakukianzisha, kisha angoje. Katika kungoja huko, mwenye kifaa hana intaneti.

MWENYEKITI: Mwenye kifaa ametajwa mara mbili sasa, na yupo hapa. Bi Msimamizi, wewe huandiki kerneli wala draiva. Unaionaje hoja hii?

MSIMAMIZI: Ndugu mwenyekiti, mimi huiona pale inaponiangukia. Nasasisha kerneli kwa sababu kuna tundu la usalama lililotangazwa. Seva inawaka upya. Moduli iliyokuwa ikipakiwa jana inakataa. Nafungua kumbukumbu za matukio ya kerneli na kukuta mstari mmoja: jina la moduli, maneno kwamba simboli haijulikani, jina la simboli yenyewe, na namba ya kosa, -2, maana yake kitu kilichotafutwa hakikupatikana. Mstari huo haunielezi kwamba simboli imefungwa kwa makusudi. Haunielezi ni nani aliyeifunga wala kwa sababu gani. Hauna tofauti na ule ambao ningeupata kama mtunzi wa moduli angekosea herufi.

Upo mfumo wa DKMS unaoijenga moduli upya kila kerneli inaposasishwa, na unatusaidia sana. Lakini kujenga upya kunatibu mabadiliko madogo. Simboli ikishafungwa, hakuna ujenzi utakaoirudisha. Kinachobaki ni mambo mawili: nirudi kwenye kerneli ya zamani yenye tundu, au niendelee na kerneli mpya bila diski zangu. Ninayemtumikia hajui ZFS ni nini. Anataka mafaili yake.

Nisieleweke vibaya. Siombi kila kitu kibaki wazi. Jedwali la miito lilipofungwa, seva zangu zilipata kinga. Ninachoomba ni kujulishwa mapema. Mwaka 2006, katika toleo la 2.6.18, uliwekwa utaratibu wa kuzitia alama simboli zinazokaribia kufungwa. Moduli iliyozitumia ilipakiwa, lakini kerneli iliandika onyo. Huo ndio uungwana ninaouhitaji. Uko wapi leo?

MTUNZAJI: Uliondolewa mwaka 2021, Bi Msimamizi, na nitakueleza kwa nini. Hapakuwa na simboli hata moja iliyobaki chini ya alama hiyo. Watunzaji hawakuitumia. Walipoiona simboli isiyo na mtumiaji ndani ya kerneli, waliifunga moja kwa moja. Na kwa kanuni yetu ya kila siku, msimbo usiotumiwa huondolewa, hata kama ni msimbo wa kutoa maonyo.

MSIMAMIZI: Kwa hiyo tatizo halikuwa utaratibu. Tatizo lilikuwa kwamba wenye uwezo wa kunionya hawakuona haja ya kunionya.

MTUNZAJI: Ni kweli. Siwezi kulikana hilo.

MWENYEKITI: Tumsikie Muundaji. Wewe unaunda simu, na watu wengi wanaotumia lugha hii wanaifikia Linux kupitia simu ya Android tu, hata kama hawajawahi kulisikia jina la kerneli. Kwako simboli zinafungwa au zinafunguliwa?

MUUNDAJI: Zote mbili, ndugu mwenyekiti, tena kwa orodha. Hapo awali hali yetu ilikuwa mbaya. Google walichukua kerneli rasmi, wakaiongezea yao. Mtengenezaji wa chipu akachukua ile ya Google, akaongeza yake. Sisi wa simu tukachukua ile ya chipu, tukaongeza yetu. Nyaraka za Android zenyewe zinasema kwamba hadi nusu ya msimbo uliokuwa ukifanya kazi kwenye kifaa ulikuwa haujulikani kwenye kerneli rasmi. Tundu la usalama likitangazwa, marekebisho yalipaswa kushuka ngazi zote hizo kabla ya kumfikia mnunuzi. Mara nyingi hayakumfikia kabisa.

Dawa iliyopatikana ni kerneli moja ya pamoja, iitwayo GKI. Simu zinazoanza na Android 12 na kerneli ya 5.10 au ya baadaye zinatakiwa kuja na kerneli hiyo, iliyojengwa na Google. Mambo ya chipu na ya simu yetu yanaishi kwenye moduli zilizo pembeni. Basi ili kerneli isasishwe bila kuzigusa moduli, mpaka kati ya viwili hivyo lazima ujulikane na udhibitiwe. Mpaka huo ni orodha ya simboli. Kila kampuni hutaja simboli ambazo moduli zake zinazihitaji, na orodha hizo huwekwa hadharani pamoja na msimbo wa Android. Kerneli hujengwa ikiwa imeziacha wazi zilizoorodheshwa, na nyingine zote hufungwa. Tawi la kerneli likishagandishwa, simboli zilizomo kwenye orodha hazibadilishwi umbo. Ukihitaji mpya, unaomba iongezwe.

Chombo kilichowezesha hilo ni kile kile cha Pitre. Mwaka 2020, katika toleo la 5.7, Quentin Perret wa Google alikiongezea uwezo wa kusoma faili la majina yanayopaswa kubaki wazi hata kama hakuna moduli ya ndani inayoyatumia. Nyongeza hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayotutenganisha na malalamiko ya Bwana Mtungadraiva. Kabla yake, ufungaji uliwaona waliomo ndani tu. Baada yake, aliye nje anaweza kuandikwa.

MTUNGADRAIVA: Nakushukuru, na nakiri kwamba huo ni utaratibu wa haki kuliko ninaokutana nao kwingine. Lakini tuseme pia nani anaandikwa. Kampuni kubwa ya simu inaandikwa. Mwanafunzi mwenye moduli yake ya majaribio haandikwi. Mtu aliyenunua simu kwa pesa yake akitaka kuipa maisha mapya baada ya mtengenezaji kuitupa haandikwi. Orodha ikiwa mikononi mwa wachache, ufunguo umehama tu.

MUUNDAJI: Mtu huyo anaweza kuijenga kerneli mwenyewe. Msimbo ni wazi.

MTUNGADRAIVA: Anaweza, kama simu yake inakubali kuwashwa na kerneli aliyoijenga mwenyewe. Zipo zisizokubali.

MWENYEKITI: Hilo ni la kweli, na linastahili mjadala wake peke yake. Turudi kwenye simboli. Bwana Mtunzaji, kuna jambo ambalo watu wanalizunguka bila kulitaja: leseni. Simboli nyingi hutolewa kwa EXPORT_SYMBOL_GPL, hivyo moduli isiyojitambulisha kuwa na leseni inayopatana na GPL hainazo. Je, huku kufunga ni kwa ajili ya ufundi, au ni kwa ajili ya sheria?

MTUNZAJI: Ni kwa vyote viwili, na sioni aibu. Maelfu ya watu waliandika kerneli hii chini ya GPL, toleo la 2, kwa makubaliano kwamba anayeijengea juu naye aonyeshe alichokijenga. Simboli ya GPL inasema: fankisheni hii iko ndani mno kiasi kwamba anayeitumia ameiendeleza kazi yetu. Na wapo waliojaribu kutudanganya. Mwaka 2004 ilibainika kwamba draiva za modemu za Linuxant zilikuwa zimeandika leseni kwa hila. Neno GPL lilifuatiwa na herufi tupu inayomaliza maandishi, kisha ndipo yakaja maelezo kwamba GPL ilihusu mafaili ya folda moja tu. Kerneli ilisoma hadi kwenye herufi ile tupu, ikaamini. Mwaka 2020, katika toleo la 5.9, tuliziba njia nyingine: moduli ndogo ya GPL iliyowekwa katikati ili izichukue simboli zetu na kuzipitisha kwa moduli ya siri. Sasa moduli inayochukua simboli kutoka kwa moduli ya siri huhesabiwa nayo kuwa ya siri. Mwaka 2022 NVIDIA walitoa hadharani msimbo wa moduli zao za kerneli. Sidai kwamba simboli peke yake ndizo zilizowafikisha hapo. Nasema tu kwamba kushikilia makubaliano hakukuiua Linux.

MTUNGADRAIVA: Dhidi ya walaghai niko upande wako. Lakini ulipozichanganya sababu mbili, ulimwumiza asiye mlaghai. ZFS hawakuficha kitu. Msimbo wao wote uko hadharani, na mtu yeyote anaweza kuusoma usiku huu. Kosa lao ni kuwa na leseni huria ya ukoo mwingine. Kama mnafunga kwa sababu ya ufundi, semeni ufundi. Kama ni sheria, semeni sheria. Mtu akifungiwa bila kuambiwa sababu, hata haki huifananisha na uonevu.

MWENYEKITI: Tubaki hapo hapo kwenye sababu. Mwaka 2020, katika toleo la 5.7, fankisheni iitwayo kallsyms_lookup_name ilifungwa kwa pendekezo la Will Deacon. Bwana Mtunzaji, tueleze kilichotokea.

MTUNZAJI: Fankisheni hiyo hupewa jina na kurudisha anwani ya kitu chenye jina hilo popote ndani ya kerneli. Aliyekuwa nayo hakuhitaji simboli nyingine yoyote. Kila tulichokifunga angekipata kwa jina. Hakukuwa na moduli ya ndani iliyoihitaji. Kuiacha wazi kulikuwa ni kuyafanya matamko yetu yote yasiwe na maana.

MTUNGADRAIVA: Na ilipofungwa, penye nia pakapatikana njia. Kerneli ina kprobes, chombo halali cha kuchunguzia fankisheni zikiwa zinafanya kazi. Unakiambia kitege jina la fankisheni ile iliyofungwa, kinakutajia anwani yake. Hila hiyo ilisambaa upesi sana. Waliotaka kuharibu waliitumia, na waliotaka tu kuokoa draiva zao waliitumia. Basi kufunga huko kulimzuia nani?

MTUNZAJI: Kulimzuia anayepita bila kufikiri. Anayeshika kprobes ili aichokonoe kerneli anajua anachokifanya, na anajua kwamba kikivunjika hana wa kumlalamikia. Hiyo ndiyo tofauti tunayoitaka ionekane. Kufunga simboli hakukuwa kamwe ukuta dhidi ya mwenye mamlaka yote juu ya mashine. Anayeweza kupakia moduli tayari ameshaingia ndani.

MSIMAMIZI: Nashukuru umelisema hilo mwenyewe, Bwana Mtunzaji. Maana mara nyingi nimeambiwa simboli fulani imefungwa "kwa usalama", nami nikaridhika. Kama tunakubaliana kwamba kazi kubwa ya kufunga ni kuonyesha mpaka, basi mpaka uwekewe bango linalosomeka.

MUUNDAJI: Na mabango yameanza kuwekwa. Mwaka 2019, toleo la 5.4 lilileta makundi ya simboli, kazi iliyoongozwa na Matthias Maennich wa Google. Simboli za sehemu fulani hupewa jina la kundi, na moduli inayozitaka hulazimika kutamka kwamba inaliingiza kundi hilo. Lile la hifadhi za USB lilikuwa la mwanzo. Mwaka 2025 likaongezwa tamko jingine, linaloitaja kwa jina moduli inayoruhusiwa kutumia simboli. Badala ya kuwa wazi kwa wote au kufungwa kwa wote, simboli inaweza kusema: mimi ni ya hawa. Mtunzaji anapata uhuru wake wa kubadilisha, kwa sababu watumiaji wake sasa anawajua wote.

MTUNGADRAIVA: Hilo ni jema kwa waliotajwa. Kwangu mimi niliye nje, kutajwa kwa fulani ni njia nyingine ya kuambiwa siyo wewe. Lakini angalau nimeambiwa kwa maandishi, mahali ninapoweza kusoma na kujibu. Hilo nalipokea.

MWENYEKITI: Kila mmoja atoe neno la mwisho, kwa ufupi.

MTUNZAJI: Kerneli isiyoweza kubadilika itaoza. Nipeni uhuru wa kufunga nisichokitumia.

MTUNGADRAIVA: Mtumiaji usiyemwona ni mtumiaji. Kabla ya kufunga, uliza, ukishafunga, eleza.

MUUNDAJI: Orodha iliyo wazi imetuwezesha kusasisha kerneli bila kuvunja simu. Ifanyeni hivyo na kwingine.

MSIMAMIZI: Mniandikie onyo siku ile kabla moduli haijakataa kupakiwa. Hilo tu.

MWENYEKITI: Natoa uamuzi.

Hoja kama ilivyoandikwa, kwamba ifungwe kila simboli isiyotumiwa na moduli inayojulikana, ni sahihi mahali pamoja na ni kosa mahali pengine, na kinachotenganisha ni nani anazijua moduli. Anayejenga kerneli ya ruta, ya mita ya umeme au ya simu anajua kila moduli itakayopakiwa humo. Yeye afunge. Akiacha wazi ameacha uzito na hatari bila faida. Lakini anayejenga kerneli ya kugawiwa watu wote, itakayotua kwenye mashine asizozijua na vifaa asivyoviona, hana orodha hiyo wala hawezi kuwa nayo. Yeye asifunge kwa kipimo cha moduli zake mwenyewe. Maelezo ya TRIM_UNUSED_KSYMS yanashauri vivyo hivyo: mwenye shaka, au anayehitaji kujenga moduli za nje, asiliwashe. Ushauri huo ni mzuri na ufuatwe.

Kuhusu kerneli rasmi, ninampa Mtunzaji haki yake ya kufunga, maana bila hiyo USB isingesukwa upya na jedwali la miito lingekuwa wazi hadi leo. Lakini haki hiyo ina masharti matatu. Kwanza, sababu iandikwe, na sababu ya leseni isivishwe vazi la usalama. Pili, orodha iwe hadharani, kama zilivyo za Android, na iwepo njia ya kuomba ambayo hata mtu mmoja asiye na kampuni anaweza kuipita. Red Hat nao wana orodha ya simboli wanazozilinda zisibadilike ovyo kati ya sasisho na sasisho, na mshirika huomba nyongeza. Basi jambo hili linawezekana hata nje ya simu. Tatu, onyo lirudi. Utaratibu wa mwaka 2006 ulikufa kwa kutotumiwa, na kutotumiwa hakuthibitishi kwamba haukuhitajika. Ulihitajika na watu ambao hawakuwa na kura.

Kwako msomaji unayeandika moduli: jua unasimama kwenye simboli zipi. Kila moduli inaweza kukutolea orodha ya majina inayoyaomba kutoka kerneli. Itoe, isome, na kwa kila jina jiulize kama mtu ndani ya kerneli analitumia pia. Lisilo na mtumiaji wa ndani ndilo litakalofungwa kesho. Andika kwa anayelitunza leo, ueleze unalitumia kwa kazi gani, kabla hajalifunga. Aliyejitokeza na kusema "nipo" huhesabiwa. Anayekaa kimya akingoja kuvunjikiwa amempa mwenzake sababu ya kumfungia.